Je, Akaaye Kutazama Bahari Afanya Kazi?

Liko swali lisemwalo nyumbani mwa watu katika sharika za Korogwe na Handeni, na mara nyingine hata mbele ya wazee, nalo latupasa kulifikiri kwa utaratibu. Kijana amejifunza kuchora. Mkonge hautaki, na shamba la mahindi la baba yake halimtoshi. Basi ashuka Pangani, asimamisha ubao wake ufuoni, achora bahari na mashua, na picha zake awauzia wageni. Wazazi wasema, "Mtoto wetu amekuwa mvivu, mchana kutwa akaa akitazama maji." Kijana ajibu, "Hiyo ndiyo kazi yangu." Je, ni nani asemaye kweli? Na mwalimu wa usharika akiulizwa, ajibu nini?

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Wako wasemao kwamba picha zote ni sanamu, na kwamba Mkristo asiishi kwa kazi hiyo. Neno hili si jipya. Mwaka 1522 watu wa Wittenberg walianza kuziondoa picha makanisani na kuzivunja. Luther akatoka Wartburg, akarudi mjini, akahubiri siku nane mfululizo, akawakataza kuvunja kwa nguvu. Maana alijua ya kuwa ubaya hukaa moyoni mwa aabuduye, wala haukai katika ubao na rangi. Katika mji uo huo rafiki yake Lucas Cranach alikuwa mchoraji, akailisha nyumba yake kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hatuulizi kama picha ni halali. Twauliza kama kutazama ni kazi.

Sisi watu wa bara tumezoea kuipima kazi kwa jasho. Akataye mkonge huhesabiwa mafungu yake, na alimaye huonekana kwa matuta yake. Lakini itazameni vema kazi ya mchoraji wa ufuoni. Jua la kwetu hupanda upesi. Kivuli cha mnazi kilichokuwa kirefu saa moja asubuhi, saa tatu kimekwisha kujikunja, na rangi ya maji imegeuka. Bahari nayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake huchelewa kama dakika 50 kila siku; hata aliyechora mchanga mtupu leo, juma moja likipita, saa ile ile akuta mawimbi mahali alipoketi. Upepo wa kusi waupiga ubao wake kama tanga. Hawezi kuiambia bahari, "Ningoje." Hana budi kuchagua upesi, na mkono wake ufuate jicho bila kulala.

Vincent van Gogh, mwana wa mchungaji wa Uholanzi, aliyekuwa mwinjilisti kwa wachimba makaa ya mawe wa Ubelgiji kabla ya kuwa mchoraji, aliichora bahari ya Scheveningen mwaka 1882 katika upepo mkali, na chembe za mchanga zingali zimo katika rangi ya picha ile hata leo. Mfaransa Claude Monet, mwaka 1885, alipokuwa akichora pwani ya Étretat, alipigwa na wimbi likamchukulia vyombo vyake. Watu hao hawakuwa wavivu.

Hata hivyo jasho peke yake halitoshi kutujibu, maana hata mwizi hutoka jasho. Kazi njema yampa jirani kitu ambacho kweli kinamfaa. Mkulima hutoa chakula. Fundi hutoa mlango ufungikao. Mchoraji hutoa nini? Atoa alichokiona, ili na sisi tukione. Watu wengi wa Pangani hupita kando ya bahari kila siku wala hawaioni tena, kama sisi tusivyoiona milima ya Usambara iliyo juu ya vichwa vyetu Korogwe. Anayetuonyesha tena kitu tulichokwisha kukizoea ametufanyia kazi.

Hapa ndipo penye jaribu, nalo ni kubwa kuliko uvivu. Mgeni mnunuzi apenda bahari ya samawati, mnazi mmoja, tanga jeupe, na jua likizama majini. Mchoraji atambua upesi kwamba picha ya namna hiyo yanunuliwa. Lakini sisi sote twajua ya kuwa jua la Pangani huchomoza baharini, na huchwa upande wa bara, upande wa Handeni. Aliyechora jua likizama baharini pale Pangani hakulitazama. Vilevile maji. Mto Pangani, ambao wengi huku huuita Ruvu, hupokea maji ya Kilimanjaro na Meru, wapita Korogwe, waenda kuingia baharini. Wakati wa masika maji yake ni mekundu ya udongo, na bahari iliyo mbele ya kinywa chake hugeuka rangi. Mchoraji asema, "Nikiweka samawati, nani atadhurika? Ni rangi tu." Ndugu zangu, udongo ule ni mashamba yetu. Umetoka katika miteremko tuliyoikata miti na kuilima bila matuta. Kijana wa Korogwe asimamaye upande wa Bweni na kuuficha udongo ule, awaficha watu wa kwao jambo liwapasalo kulijua, na mnunuzi naye achukua nyumbani Pangani isiyokuwapo.

Mtu atauliza, "Basi kila picha sharti ifanane na picha ya kamera?" La. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alifanya kazi katika mkonge wa Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam. Huko, karibu na mwaka 1968, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vibao vya mraba kwa rangi za baiskeli. Hakumwambia mtu kwamba chui wake alisimama mbele yake hivyo, na mnunuzi alilijua hilo. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akafundisha Makerere, alichora nchi ya kwao na kazi za watu wake bila kunakili mti kwa mti. Na picha yake moja ya mwaka 1956 imo katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Kweli ya picha haipimwi kwa kuhesabu majani. Yapimwa kwa ahadi. Aandikaye "Pangani" chini ya picha yake ameahidi kwamba alikuwapo na kwamba alitazama.

Twajua pia kwamba mchoraji ana watoto, na rangi hununuliwa kwa fedha. Mgeni asipotaka udongo, afanye nini? Hapa hatumdhihaki mtu. Kuchagua si kudanganya. Mkulima huchagua mahindi mazuri ya kupeleka sokoni, lakini hayafuniki yaliyobunguliwa kwa mazuri machache ya juu. Vivyo hivyo mchoraji na achague miezi ya kaskazi, maji yanapotulia na kung'aa. Achague saa ya asubuhi. Ageuke upande autakao. Hayo ni haki yake. Wazee husema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini tusimpe kijana matumaini ya uongo, maana kizuri huweza kuchelewa kujiuza. Van Gogh aliuza picha chache mno hata kufa kwake mwaka 1890. Kwa hiyo si aibu mchoraji kuandika vibao vya maduka na majina ya mashua, wala kurudi kulima wakati wa mvua, ili picha zake za bahari zisilazimishwe na njaa kusema uongo.

Basi mwalimu akiletewa neno hili, asimhukumu kijana kwa kuwa aketi, wala asiwakemee wazazi, maana hofu yao ni ya watu walioona njaa. Na awaambie wazazi waishike picha, wamwulize mtoto wao: Ulikuwapo? Maji yalikuwa na rangi gani siku ile? Jua lilikuwa upande gani? Na nyumbani kwako wanakula nini? Akiweza kujibu yote bila kuinamisha uso, anafanya kazi, nao wamwache aende ufuoni. Asipoweza, wasimwambie aache kuchora. Wamwambie arudi akatazame.