Sura Bila Majina



Kuna picha imetugawa kabisa kwenye kundi letu la WhatsApp. Ni ya zamani sana, ya Upare: wanawake watatu wamesimama kwenye mteremko, mizigo kichwani, mmoja ana mtoto mgongoni. Vifua wazi, kama wengi walivyovaa enzi hizo. Kaka mmoja akasema tuichape kwenye fulana za sherehe yetu ya vijana, eti tukumbuke tulikotoka. Sisi wa Chome, tuliokulia chini ya Shengena, tulishangilia. Halafu dada mmoja akauliza: kwani hao ni akina nani?

Kundi zima kimya.

Picha za aina hii ziko nyingi. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walipiga picha Kilimanjaro na Upare tangu enzi za Wajerumani, na Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, kimeziweka nyingi mtandaoni. Mwenye bando anaziona. Ni hazina kweli, maana unaona jinsi watu walivyolima, walivyojenga, walivyobeba. Lakini soma maelezo ya picha za wakati ule: mara nyingi Mzungu ana jina lake kamili, na waliobaki ni "mwanamke wa Kipare" au "wabeba mizigo". Basi.

Sasa mfikirie Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Dada yake Céline aliingia utawani Lisieux mwaka 1894 akiwa na kamera, ndiyo maana sura ya Teresa tunaijua. Aliyempiga picha alikuwa ndugu yake wa damu, na leo kila picha yake ina historia. Akina mama wetu waliishi karibu miaka hiyohiyo, wakasimama mbele ya kamera ya mgeni, na wakabaki bila hata herufi moja. Kinachoniuma zaidi ni kwamba daftari za ubatizo za parokia zina kasoro ya upande wa pili: majina yamejaa, sura hakuna. Huenda jina la mtoto yule mgongoni liko kwenye daftari fulani, na hakuna wa kuviunganisha.

Mimi nilipinga fulana. Nikaambiwa, "Wamekufa hao, wanadhurika nini?" Kwa mtu asiyeamini, hoja hiyo ina nguvu. Kwetu sisi tunaosadiki ushirika wa watakatifu, sioni inasimamaje. Tobiti alihatarisha maisha yake Ninawi kwa kuwazika watu wa taifa lake waliouawa, na wengi wao maiti zao zilikuwa zimetupwa tu nje ya ukuta. Hakusema hawadhuriki tena. Mwingine akaleta suluhisho: tuwape majina ya Kipare tu, nani atajua? Hapo ndipo nilipokasirika. Kumpa mtu jina la uongo ni kumfuta mara ya pili, tena safari hii tunamfuta sisi wajukuu.

Siyo kwamba picha ifichwe. Bila picha hizo tungekuwa maskini zaidi, na hata kifua wazi si aibu yao. Aibu tumeileta sisi. Shida yangu ni kuwafanya pambo. Ukimwona mtu kama pambo unasahau kwamba alikuwa na msimamo wake. Mtoto aliyebebwa mgongoni enzi za Wajerumani alikuwa mtu mzima mwaka 1945, pale Wapare walipoteremka milimani kwa maelfu hadi Same kupinga kodi ya mbiru. Huenda alikuwemo! Watu wale walijua kusema hapana. Kwenye picha hakuna aliyewauliza, au hakuna aliyeandika walichojibu.

Likizo iliyopita tuliipandisha picha Chome tukawaonyesha wazee. Bibi mmoja aliitazama muda mrefu, akaishika karibu na macho. Nyuso hakuzitambua. Akagusa yule wa katikati kwa kidole: "Huyu kafunga mzigo vibaya. Hafiki nao nyumbani." Tukacheka wote, naye akacheka. Nadhani tangu kamera ile ipige, hakuna aliyekuwa amemtazama mama yule kama jirani yake.

Fulana zimechapwa na msalaba tu. Lakini Novemba ilipofika, tulichanga sadaka ya nia ya Misa kwa ajili ya marehemu. Mmoja akauliza kama tunaweza kumwombea mtu ambaye hatujui hata kama alibatizwa. Tunaweza, Kanisa huwaombea marehemu wote, hata wale ambao imani yao Mungu peke yake aliijua. Kwenye bahasha kuna mstari wa kuandika jina la marehemu. Tuliandika: akina mama watatu wa kwenye picha, na mtoto.