Sharti Humfunga Nani?

Tarehe 17 Juni 2018, kando ya Ziwa Prespa, Makedonia ilikubali kubadili jina lake. Ugiriki, yenye eneo liitwalo vilevile, ilikuwa imelipinga jina hilo tangu jirani yake apate uhuru mwaka 1991, na kwa pingamizi hilo ikaizibia njia ya kuingia Umoja wa Ulaya. Kura ya maoni kuhusu mabadiliko hayo ilivutia takriban asilimia 37 tu ya wapiga kura. Hata hivyo, Januari 2019 Bunge lilibadilisha katiba kwa kura 81 kati ya 120, na nchi ikawa Makedonia Kaskazini.

Oktoba mwaka huohuo Ufaransa ikazuia mazungumzo ya kujiunga na Umoja, ikitaka kwanza utaratibu wa kupokea wanachama urekebishwe. Ukarekebishwa. Novemba 2020 Bulgaria nayo ikaweka pingamizi lake, safari hii kuhusu lugha na historia.

Vigezo vya uanachama vilivyowekwa Copenhagen mwaka 1993, vya demokrasia, utawala wa sheria na haki za jamii ndogo, humpima anayebisha hodi. Lakini anayesema “fanya hili, nami nitafungua” ametoa ahadi, nayo inamfunga. Inamfunga zaidi pale anapokuwa mwenye nguvu, kwa kuwa mwombaji hana mahakama ya kumshitaki.

Watetezi wa Umoja husema kila mwanachama ana kura yake, na kuiheshimu ndiyo demokrasia yenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Ila basi Umoja usiahidi kwa sauti moja kile ambacho nchi moja yaweza kukizuia kesho.

Si kila sharti ni la kulaumiwa. Makubaliano ya Ohrid ya mwaka 2001, yaliyozima mapigano kati ya serikali ya Makedonia na waasi wa Kialbania, yalisimamiwa kwa karibu na wapatanishi kutoka Ulaya na Marekani. Kwa makubaliano hayo, penye angalau asilimia 20 ya wakazi wanaozungumza Kialbania, raia anayeiandikia ofisi ya serikali kwa lugha hiyo hujibiwa kwa lugha hiyohiyo. Haki ya namna hiyo raia angeitaka hata kama Umoja wa Ulaya usingekuwepo.

Mgogoro wa sasa ndio mgumu zaidi. Mazungumzo yalifunguliwa rasmi Julai 2022, lakini ili yaendelee, katiba inapaswa kuwataja Wabulgaria miongoni mwa jamii za nchi hiyo. Sensa ya 2021 iliwahesabu 3,504. Kuwatambua ni haki, tena haki isiyogharimu kitu. Lakini imekuja ikiwa imevaa sura ya pingamizi la tatu, na wengi wa Skopje, mji mkuu, wanaiona kama danadana nyingine. Hivyo ndivyo ahadi iliyovunjwa inavyoharibu hata dai halali linalofuata.

Aliyeumia kwanza ni mwanamageuzi wa ndani. Aliwashawishi wenzake walipe gharama kwa kuwaonyesha mlango; mlango ulipobaki umefungwa, akarudi kwao bila chochote, na mkono mtupu haulambwi. Mei 2024 wapiga kura walikirudisha madarakani chama kilichopinga makubaliano ya Prespa. Rais mpya, Gordana Siljanovska-Davkova, alipokuwa akiapishwa aliitaja nchi kwa jina la zamani, na balozi wa Ugiriki akaondoka ukumbini. Miezi mitano baadaye Albania, iliyokuwa ikienda sambamba na Makedonia Kaskazini katika safari ya kuingia Umoja, ilifungua kundi lake la kwanza la sura za mazungumzo, peke yake.