KILA MTU AJENGE MBELE YA NYUMBA YAKE

Neno kwa wazazi na waalimu wa Injili. Somo: Nehemia, mlango wa 3

Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya masomo ya watoto wetu na vitabu vyao.

Fungueni Biblia zenu katika kitabu cha Nehemia, mlango wa tatu. Watu wengi huuruka mlango huo, kwa kuwa waona majina matupu: fulani alijenga kipande hiki, na baada yake fulani akajenga kile. Lakini usomeni polepole. Yedaya alijenga palipoelekea nyumba yake. Benyamini na Hashubu walifanya vivyo hivyo. Makuhani nao, kila mmoja alijenga mbele ya nyumba yake. Meshulamu alikuwa na chumba tu, akajenga mbele ya chumba chake. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wafua dhahabu na watengeneza manukato, watu wa mikono laini, nao walishika mawe. Hata ukuta ukamalizika kwa siku 52. Hapana mtu mmoja aliyejenga mji wote, wala hapana aliyejizungushia ukuta wa peke yake. Kila nyumba ilitimiza kipande chake, na kipande kikaungana na cha jirani.

Ndugu wapenzi, hivyo ndivyo ilivyo kazi ya kuwafundisha watoto. Mungu hakukupa kwanza watoto wa wilaya nzima. Amekupa wale walao chungu chako. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa sita, Musa aliwaagiza Waisraeli wawafundishe watoto maneno ya Bwana nyumbani na njiani, jioni na asubuhi. Agizo hilo lilipewa baba na mama kabla hakujawa na shule wala mkaguzi. Na Timotheo alipata imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Baba yetu Martin Luther alilijua jambo hili. Katika miaka ya 1528 na 1529 alishiriki katika kuzikagua sharika za Saksonia, akaona ujinga mwingi, hata kwa wachungaji wenyewe. Ndipo mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, na juu ya sehemu zake akaandika kwamba mafundisho hayo ni ya mwenye nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Lakini miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1524, alikuwa amewaandikia wakuu wa miji ya Udachi, akiwasihi wafungue shule za wavulana na za wasichana, na kuweka nyumba za vitabu. Basi, yeye hakuitenga nyumba na shule. Alizitaka zote mbili.

Twasema hivi kwa sababu wako Wakristo wanaouliza kama yafaa watoto wafundishwe nyumbani badala ya shuleni. Wamesikia kwamba katika nchi ya Marekani wako wazazi wafanyao hivyo, na kwamba nyumba kadhaa huungana: ajuaye hesabu huwafundisha hesabu watoto wa wote, na ajuaye historia hufundisha historia. Huko sheria zimewaruhusu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto wake shule. Kwa hiyo shauri la nyumba kuungana twalipokea kwa furaha, lakini la kuwatoa watoto shuleni twaliacha. Shule ni kipande kimoja cha ukuta, na nyumba ni kipande kingine.

Tena mahitaji yetu yaonekana wazi. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2002, na ya sekondari hata kidato cha nne mwaka 2016. Twamshukuru Mungu, maana watoto wa maskini wameingia kwa wingi. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikia kila mtoto akisoma kwa sauti yake. Mtoto hukaa nyuma, hufungua kinywa pamoja na wenzake, na mzazi hudhani amejua. Tena tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi zafundisha kwa Kiswahili, na ukifika sekondari waona masomo ni kwa Kiingereza. Hapo wengi hujikwaa, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono.

Na katika milima yetu wako watoto wenye shida iliyo kubwa zaidi. Ninyi mwajua habari hizi. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba 1993, Warundi wengi walivuka mpaka wakaja kwetu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, na kambi ya Nduta katika Kibondo ikafunguliwa upya. Watoto wengi walianza masomo chini ya miti, na mvua iliponyesha somo likakoma. Nao wamefundishwa kwa utaratibu wa nchi walizotoka: Wakongo kwa Kifaransa, na Warundi kwa Kirundi kisha Kifaransa, ili watakaporudi kwao wasianze upya. Shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi, lililoanzishwa na Walutheri mwaka 1964, limefanya kazi katika makambi hayo, na makanisa mengi yamesaidia. Lakini vitabu vimekuwa vichache, na mzazi wa kambini amejiuliza: mtoto wangu afundishwe kwa ajili ya nchi gani?

Wako wanaosema, Tungoje, tutakapokwisha rudi kwetu watasoma vizuri. Hesabuni, ndugu. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1996 alitimiza miaka 20 mwaka 2016. Utoto wake ulikwisha katika kungoja. Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea amani mji waliopelekwa. Hakuwaambia waisahau Yerusalemu, ila aliwakataza kuishi kama watu waliosimama mlangoni na mizigo kichwani. Mtoto hangoji. Akili yake yakua leo, na njaa yake ya kujua ni ya leo.

Basi tufanyeje? Twaleta shauri hili mbele yenu, mlipime.

Kwanza, nyumba sita au nane zilizo karibu ziungane, ili mtoto aweze kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya giza. Wazazi waandike katika daftari majina ya watoto, miaka yao na darasa la kila mmoja. Kisha waandike karama za wakubwa: huyu ajua hesabu, yule ajua Kiingereza au Kifaransa, mama huyu ajua kushona, mzee yule ajua habari za zamani za Buha. Mtu asiseme hana kitu. Mzazi asiyejua kusoma aketi, mtoto amsomee kwa sauti, kisha amwulize: umesoma habari gani? Mtoto akishindwa kueleza, bado hajasoma. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na kila mama aweza kuifanya.

Pili, watoto wagawanywe kwa ujuzi wao, si kwa urefu wao: wasiojua herufi, wasomao polepole, na wale wanaojitayarisha kwa mtihani. Jumamosi asubuhi yatosha masomo mawili, kusoma na hesabu, kila moja kama dakika 40. Halafu wote waketi pamoja kwa Katekisimo. Kwa muda wa majuma 12 waweza kufundisha Amri Kumi, moja kila juma, na majuma mawili ya mwisho kuyarudia yote. Katika likizo ya mwezi wa Juni, wakati wa kiangazi, siku ziongezwe. Mvua za Oktoba na Novemba zikija na jembe likaita, vipindi vipunguzwe, lakini visife. Utaratibu mdogo ushikwao hufaa kuliko mkubwa uachwao.

Tatu, vitabu. Msinunue vingi kwa pupa. Chagueni vichache, nanyi mkichagua ulizeni maneno manne. Je, chafuatana na darasa la mtoto? Mwulizeni mwalimu wake wa shule, wala msimwonee haya. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimewekwa pia katika maktaba ya mtandao, na kijana mwenye simu aweza kuwaonyesha. Je, mtoto aifahamu lugha yake? Je, kitabu kinadharau kabila au taifa la mtu? Kikidharau, kiacheni, hata kama kimetolewa bure. Je, kina nguvu ya kupita mikono mingi? Kimoja kikae kwa mfundishaji, na watoto wanakili katika madaftari. Vyote viwekwe katika sanduku la bati, juu ya mawe, mchwa wasivile, na mmoja aandike kila kitokacho na kirudicho.

Nne, lugha. Tazameni Nehemia mlango wa nane. Watu waliorudi kutoka uhamishoni walikusanyika, wanaume kwa wanawake, na Ezra akawasomea torati. Lakini Walawi waliwafafanulia, hata wakaelewa yaliyosomwa, ndipo wakalia, kisha wakafurahi. Neno lisiloeleweka halimlizi mtu wala halimfurahishi. Basi mdogo aanze kwa lugha ya mama yake. Mungu ametupa neema hapa, maana Kiha na Kirundi ni ndugu, na Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Kiswahili kimewaunganisha Mtanzania na Mkongo. Zijengeni lugha nyingine juu ya msingi huo, Kiingereza kwa huyu na Kifaransa kwa yule, wala msimcheke mtoto akosaye.

Tano, yafanyike yote kwa adabu na usalama. Wawepo wakubwa wawili sikuzote, na mlango uwe wazi. Fimbo isiwepo. Msitoze fedha iwezayo kumfukuza mtoto wa mjane: chaki na madaftari yatoke katika changizo la nyumba zote, kila moja kwa uwezo wake. Jirani Mwanglikana, Mkatoliki au Mpentekoste akitaka kuungana nanyi, mpokeeni. Mtoto wa Mwislamu akija kwa ajili ya hesabu, mfundisheni hesabu kwa moyo mweupe, na saa ya Katekisimo aende kwao kwa amani, ila wazazi wake wakitaka asikilize. Wala msikiite kikundi hiki shule, maana shule huandikishwa na serikali. Hiki ni msaada wa jirani kwa jirani.

Labda ndugu wa nje ya kambi atauliza, Nami nimsaidieje aliye ndani? Ni kweli kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 haimruhusu mkimbizi kutembea nje ya kambi bila kibali. Hatuwezi kuwakusanya watoto wote mahali pamoja. Lakini Nehemia naye aliwaambia watu wake kwamba kazi ni kubwa, nao wametawanyika ukutani, kila mmoja mbali na mwenzake, na bado ukuta ulikuwa mmoja. Mlio nje jengeni upande wenu, na walio ndani wajenge wao. Kitabu mlichokwisha kukitumia, kipitisheni kwa njia iliyo halali. Na aliyeruhusiwa kwenda awasalimu ndugu kwa jina la Bwana. Tena tangu mwaka 2017 Warundi wengi wamerudi kwao kwa utaratibu uliowekwa. Mtoto arudiye aweza kuacha sanduku la vitabu nyuma, lakini alichokishika moyoni huvuka mpaka naye. Kwa hiyo mwekeeni moyoni Baba Yetu, Amri, Imani, kusoma na kuhesabu. Mzigo huo haumwelemei mtu njiani.

Katika mlango huo wa tatu liko pia neno la huzuni. Watekoa walijenga, lakini wakuu wao hawakukubali kuinama na kuitia shingo kazini. Majina ya wafanyakazi wengi yameandikwa, hata la mwenye chumba kimoja, lakini wakuu hao twawajua kwa kukataa kwao tu. Tuangalie, sisi wachungaji na wazee, na ninyi wenye vyeo na mishahara, tusije tukaonekana katika habari za watoto hawa kama wakuu wa Tekoa.

Ninyi waalimu wa Injili, someni neno hili mbele ya usharika, kisha waulizeni wazee: ni nyumba zipi zilizo karibu, na ni nani atakayeanza? Msingoje jengo wala fedha. Anzeni na benchi moja, ubao mmoja na kitabu kimoja.

Mungu Baba, aliyetukabidhi watoto hawa, awape wazazi subira. Bwana Yesu, aliyewakumbatia watoto na kuwabariki, na ambaye mwenyewe alichukuliwa mkimbizi Misri angali mtoto, awe pamoja na kila mtoto aketiye kujifunza, nyumbani, shuleni na kambini. Na Roho Mtakatifu aitie nguvu mikono yetu, hata kila mtu amalize kipande kilicho mbele ya nyumba yake. Amina.