Je, Kumpima Mtu Ni Kumdharau?

Wasomaji, yafaa tufikiri neno hili: mtu apewapo mguu wa bandia akasema, "Nashukuru, ni mzuri," je, fundi ampimaye tena amelikataa neno lake?

Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kimefundisha mafundi wa viungo vya bandia tangu mwaka 1981. Kazi hiyo yataka mguu utazamwe ukitembea, si ukisimama tu. Penye vyombo vya kupimia mwendo, alama ndogo hubandikwa gotini, kifundoni na unyayoni; kamera huzifuata, na fundi huona kifundo kimekunjika nyuzi ngapi za pembe kwa kila hatua. Kifundo tulichozaliwa nacho huenda nyuzi kama 30 kwa jumla mahali tambarare. Miguu mingi ya bandia haifiki hapo. Basi mwenye mguu huo apandapo vilima vyetu, goti lake na nyonga hulemewa na kazi ya kifundo.

Lakini aliyepewa huona haya kumlaumu mpaji. Maumivu huyaficha chini ya shukrani. Kipimo hakina haya. Humsemea asilothubutu kusema. Kwa hiyo kumpima si kumdharau.

Walakini kamera haisikii uchungu. Wazee husema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi mwema hupima, kisha huuliza, "Panauma wapi?" akangoja jibu.

Nasi tumpapo mtu msaada, tusitosheke na asante yake, tutazame anavyotembea.