Filimbi Ikinyamaza



Wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita wamerudi hapa Mgololo kutoka JKT, wengine walikuwa hapo jirani tu Mafinga. Wamekonda kidogo, wamekakamaa, na stori haziishi: mchakamchaka wa alfajiri, kwata, fatiki, kulima bega kwa bega na mtu wa kabila ulilokuwa unalisikia redioni tu.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa 1994, yakarudi 2013. Wapo wanaosema ni kupotezea vijana muda. Mimi sikubali. Darasani tulikariri maana ya uzalendo, tukajibu mtihani, tukasahau. Kambini unagawana maji na mtu aliyechoka kama wewe, na polepole unaanza kumwona.

Yesu naye alifundisha hivyo. Ukisoma Yohane 13, hakuanza na hotuba ya unyenyekevu. Alivua vazi, akajifunga kitambaa, akashika miguu yenye vumbi, ndipo akawauliza kama wameelewa. Petro (na haraka zake zile!) alikataa kwanza. Ilibidi maji yamguse.

Lakini jamani, tuseme ukweli. Kambini kuna afande. Usipoamka utaamshwa. Na wengi huenda wakiwaza ajira, wala si dhambi, maisha ni magumu. Je, filimbi ikinyamaza? Msamaria wa Luka 10 hakupigiwa filimbi na mtu, na barabara ya Yeriko haikuwa na cheti. Alimwona majeruhi, akamhurumia, akatoa mafuta, divai, mnyama wake na dinari mbili. Kuhani na Mlawi nao walimwona, na sheria waliijua sana tu. Wakapita.

Kwa hiyo nyie mliorudi, kambi imewazoesha mikono. Moyo utaamua hapa nyumbani, wiki hizi za kwanza. Ukikaa kijiweni miezi sita unasimulia fatiki, itabaki stori.

Kwenye jumuiya yetu kuna bibi anayeishi peke yake. Kinyungu chake kule bondeni hakijaguswa na jembe mwaka huu. Hakuna afande, hakuna posho. Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi tunashuka. Mje na majembe, hata ambao hamkwenda JKT. Nyimbo za mchakamchaka mtatufundisha njiani.