Mwalimu, Fimbo na Siri ya Mtoto

Liko swali moja ambalo twaona limekawia kuulizwa katika sharika zetu, nalo ni hili: mtoto aliye shuleni, moyo wake ukilemewa, amwendee nani? Wengi watajibu upesi kwamba amwendee mwalimu wake. Jibu hilo ni jema, lakini halitoshi, kwa kuwa mwalimu huyo huyo ndiye ashikaye fimbo. Je, ni haki kumtaka mtoto aufungue moyo wake mbele ya mtu awezaye kumwadhibu kwa hayo atakayoyasikia?

Twaandika haya tukiitazama mitaa ya Jangwani na Kariakoo, katika Dar es Salaam. Huko ziko shule nyingi, kama Jangwani ya wasichana na Azania ya wavulana, na wanafunzi huja kutoka nyumba za kila hali. Mwezi wa Desemba 2011 maji ya Msimbazi yalifurika bondeni, watu wakafa, na jamaa nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, wachuuzi wakapoteza mali zao. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaanguka hapo Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Magazeti huhesabu maiti na mali. Ni nani awahesabuye watoto walioingia darasani siku zilizofuata, macho yao ubaoni na mioyo yao kwingine? Tena iko misiba isiyoandikwa gazetini: baba mlevi, hofu ya mtihani wa kidato cha nne, mzaha wa wenzao, mtu mzima amwendeaye mtoto kwa ubaya.

Wako Wakristo wasemao kwamba huzuni ya namna hii ni upungufu wa imani, na dawa yake ni kukemewa. Na wayatazame Maandiko. Eliya, baada ya kuwashinda manabii wa Baali, aliketi chini ya mti nyikani akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena; maneno ya kumtuma yakaja baadaye. Naye Martin Luther mwaka 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, mwalimu wa mwanawe, aliyelemewa na huzuni. Akamwonya asikae peke yake, bali atafute watu wa kuzungumza na kucheka nao. Na katika nchi yetu, kule Lutindi katika milima ya Usambara, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani ilianza mwaka 1904 kuwapokea wagonjwa wa akili. Basi kumtunza mwenye moyo ulioumia si jambo geni lililoletwa na wasomi wa leo. Ni kazi ya kanisa tangu zamani.

Serikali nayo imeiona haja hii, na shuleni huteuliwa walimu wa ushauri na unasihi. Lakini cheo peke yake hakifungui moyo wa mtoto. Kanuni za serikali zaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, navyo viandikwe kitabuni. Hatuandiki leo ili kuishtaki sheria. Twauliza tu: msichana aliyechelewa kwa sababu usiku kucha alimwuguza mama yake, akiisha kuchapwa na mwalimu asubuhi, atamrudia mwalimu huyo saa sita amweleze habari za nyumbani? Hatamrudia. Atanyamaza, na wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Mwingine atatujibu kwa mithali: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, mtoto hulelewa kwa adabu. Lakini hata samaki mbichi, akikunjwa na mtu asiyetazama, huharibika. Adabu ya haki yataka kujua kwanza kama mtoto amekosa au ameumia, na hayo hayajulikani ila kwa kusikiliza. Kwa hiyo twasema: mwalimu aliyewekwa kuwasikiliza watoto asipewe fimbo kamwe. Na afanane na mchungaji apokeaye maungamo, asiyeyatoa nje. Hata hivyo uko mpaka. Siri ikiwa yagusa uhai wa mtoto, au yamhusu mtu anayemdhulumu, mwalimu sharti atafute msaada, naye amwambie mtoto kwanza kwamba atafanya hivyo. Kunyamaza mbele ya hatari si uaminifu.

Labda mtasema kwamba waganga wa maradhi ya akili ni wachache, na walimu wana kazi nyingi. Ni kweli, lakini watazameni jirani zetu. Kule Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare kuketi benchini pamoja na wenye huzuni na kuwasaidia kutafuta njia katika shida zao. Katika Kenya, chama kiitwacho Shamiri kiliwafundisha vijana waliomaliza sekondari kukutana na wanafunzi, saa moja kila juma kwa majuma manne. Habari za wanafunzi 413 zilizochapishwa mwaka 2021 zaonyesha kwamba huzuni na hofu zilipungua. Akina bibi hao na vijana hao hawakuwa waganga. Walikuwa watu waliofundishwa kusikiliza, nao hawakuwa na fimbo mkononi.

Lakini kufundishwa mara moja hakutoshi. Katekista hafundishwi siku chache akaachwa mtaani peke yake hata uzee wake. Mchungaji humzuru, huyasikiliza mafundisho yake, humsahihisha, humtia moyo. Shule nazo zataka wa kuzizuru hivyo. Mtu mwenye ujuzi aje kila muhula, aketi na walimu wasikilizaji, nao wamweleze yaliyowashinda bila kutaja majina ya watoto, awaonyeshe ni mtoto yupi amhitajiye daktari. Kwa shule za Jangwani hospitali ya Muhimbili haiko mbali. Lililo mbali ni kujua wakati wa kwenda. Tena mwalimu asikiaye misiba ya wengine kila siku naye huchoka, na asipokuwa na wa kumsikiliza, sikio lake litaziba.

Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba wasiseme neno, na kosa lao lilianza walipofumbua vinywa kumhukumu. Basi haya twayaweka mbele ya wazee wa kanisa na wakatekista, hasa ninyi mlio katika bodi na kamati za shule. Ulizeni mkutanoni: ni nani katika shule hii amsikilizaye mtoto bila fimbo, na ni nani amzuruye huyo msikilizaji? Likikosekana jibu, hapo ndipo kazi yenu ianzie. Naye Bwana, aliyewapokea watoto wadogo wengine walipotaka kuwazuia, atujalie masikio ya kusikia.