Nafasi Iliyotengwa

Kiswahili kimelipa neno kutenga kazi mbili zinazogombana. Mama humtengea mgeni chakula, yaani humwekea fungu lake kabla watoto hawajakimaliza. Na watu wa mtaa humtenga wasiyemtaka, yaani humtoa katika fungu lao. Mfasiri anayekutana na hukumu za mahakama juu ya nafasi za masomo zilizotengwa hana budi kulitumia neno hilo hilo, na kila alitumiapo huzisikia sauti mbili. Nadhani lugha haikukosea. Anapotengewa mmoja, yupo mwingine anayetengwa, na mashauri yote ya jambo hili huzaliwa hapo.

Tutazame Mbugani, huko Kyela, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Kilutheri wa Berlin na wenzao Wamoraviani waliingia Unyakyusa mwaka mmoja, 1891, na shule zikafuata nyayo zao. Hivyo Rungwe, ambayo zamani Kyela ilikuwa sehemu yake, ikahesabiwa pamoja na Kilimanjaro na Bukoba miongoni mwa nchi zilizotangulia kwa elimu. Katika miaka ya 1970 Serikali ilianza kugawa nafasi za sekondari kwa mafungu ya mikoa na wilaya, ili mtoto wa Lindi au wa Pwani asishindane peke yake na miaka mingi ya shule za wengine. Nia ilikuwa njema, nasi watu wa mwambao wa bahari tuna sababu ya kuikumbuka kwa shukrani. Lakini mzazi wa Unyakyusa alimwona mwanawe mwenye alama nzuri akibaki nyumbani.

Hakuwa na mahakama ya kuiendea. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na hazikuweza kudaiwa mahakamani mpaka Machi 1988. Basi shauri lile likapelekwa kwenye tanuri la matofali: wazazi walichanga, wakachoma tofali, wakajenga sekondari zao wenyewe, Rungwe kama Kilimanjaro. Naiona kuwa ni rufaa ya heshima. Ila aliyeweza kuikata ni mwenye kakao au mpunga wa kuuza. Mtoto wa mvuvi asiye na shamba alihesabiwa miongoni mwa waliotangulia kwa sababu ya jina la wilaya tu, kisha akakosa ada ya shule ya wazazi. Ramani ilimwona tajiri.

Linganisha na habari ya wasichana. Azimio la Musoma la 1974 lilimtaka mwombaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam afanye kazi kwanza. Wasichana wakapungua, kwani miaka ile ya kungojea ndiyo miaka ya kuozwa na kulea. Mwaka 1976 wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja kutoka shuleni. Hapa nafuu iliwekwa penye jeraha lenyewe. Makerere nao, mwaka 1990, waliwaongezea wasichana wote alama 1.5, dawa pana zaidi, maana binti wa waziri aliinywa pamoja na binti wa mkulima.

Kenya jambo lilifika mahakamani. Mwaka 2011 nafasi za shule za kitaifa ziligawanywa upya kwa kuwafikiria zaidi watoto wa shule za msingi za serikali, na waliosimama upande wa shule za binafsi wakalalamika kwamba mtoto anaadhibiwa kwa jasho la mzazi wake. Mahakama Kuu iliwakatalia, kwa kuwa kuwatendea sawa watu wasiolingana huweza kuendeleza kule kutolingana. India ilikuwa kinyume: mwaka 1951 Mahakama ya Juu iliyabatilisha mafungu ya Madras, na Bunge likaibadili Katiba mwaka huo huo. Tanzania ilijikinga mapema. Mabadiliko ya 2000 yaliongeza katika ibara ya 13 kwamba hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii zisihesabiwe kuwa ni kubagua.

Kinga hiyo naikubali, lakini inamlinda mgawaji; haimsemeshi aliyekosa. Naye ana haki ya kusemeshwa. Kijana aliyeachwa kwa alama moja na nusu asiambiwe kwamba hakustahili, maana huo ni uongo, wala asiambiwe kwamba hakupoteza kitu. Aambiwe ni dhara gani linalotengenezwa kwa nafasi yake, lilimpata nani, na hesabu hiyo itatazamwa tena lini. Mgawaji akishindwa kumjibu hayo uso kwa uso, sioni kwa nini kijana yule asiende mahakamani. Na yule wa Mbugani, ambaye ramani ilimwona tajiri, angekuwa wa kwanza mlangoni.